Mfiwa Asiye na Matanga: Imani, Wajibu na Msongo wa Mwokoaji Kigoma

Swali la iwapo mtu ambaye kazi yake ni kuokoa wengine anaruhusiwa, mbele ya Mungu na mbele ya jamii yake, kuchoka, kuhuzunika na kukiri kwamba ameelemewa, huonekana mwanzoni kuwa swali la tiba, lakini likichimbwa hugeuka kuwa la dini na la falsafa, kwa kuwa majibu ambayo mtu huyo hupewa mara nyingi hayatoki kwa daktari, bali hutoka msikitini, kanisani na kwenye jamvi la msiba. Majibu hayo huweza kumtibu na huweza pia kumziba mdomo. Tofauti kati ya tiba na kuzibwa mdomo, ambayo kwa nje huenda isionekane, ndiyo inayochunguzwa hapa.

Mwandiga ni mahali panapostahili kuulizwa swali hilo. Mji huo mdogo wa Wilaya ya Kigoma umekaa kwenye njia panda, ambapo barabara itokayo Kigoma mjini hugawanyika, mkono mmoja ukielekea Kasulu na mwingine ukipanda milima hadi Manyovu kwenye mpaka wa Burundi, kwa hiyo gari la wagonjwa linaloshuka kutoka pande hizo kuelekea Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni hupita hapo, liwe limebeba mjamzito aliyekwama katika uchungu au majeruhi wa ajali ya barabarani. Vitabuni, wafanyakazi wa huduma za dharura ni askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambalo sheria yake ilitungwa mwaka 2007 na ambalo huitwa kwa namba 114, pamoja na polisi, wauguzi, matabibu na madereva wa magari ya wagonjwa. Kwa Kigoma, hata hivyo, duara hilo ni dogo mno. Anayeanza kufika kwenye mkasa mara nyingi ni mwendesha bodaboda, au dereva wa kijamii anayetumia gari lake mwenyewe kumpeleka mama hospitalini chini ya mpango wa m-mama, unaoitwa kwa namba 115, au mvuvi wa dagaa aliyekuwa karibu boti ilipopinduka, au kijana wa kujitolea wa Chama cha Msalaba Mwekundu. Wengi wa watu hawa hawana sare wala cheo, na pengine hata wao wenyewe hawajawahi kujiita waokoaji.

Maneno yanayotumika katika mjadala huu yanahitaji kufafanuliwa kwanza. Msongo wa mawazo ni hali ya mwili na akili kukazwa na madai yanayozidi, au yanayoonekana kuzidi, uwezo wa mtu kuyakabili. Mwanasayansi Hans Selye, aliyechapisha mwaka 1936 maelezo ya namna mwili unavyoitikia madhara ya aina mbalimbali kwa njia inayofanana, ndiye aliyesaidia kulipa wazo hilo nafasi katika tiba, lakini Kiswahili kimelieleza kwa picha yake chenyewe, kwani msongo umetokana na kusonga, yaani kubana na kukandamiza pamoja, na mtu aliyewahi kusonga ugali wa watu wengi anajua kwamba kadiri unga unavyoongezwa ndivyo mwiko unavyozidi kugoma. Kiwewe ni jambo jingine: ni jeraha linaloachwa na tukio moja la kutisha, au matukio kadhaa, ambalo hurudi kwa ndoto, kwa kushtuka na kwa picha zisizoitwa. Kuchakaa kikazi, ambako Shirika la Afya Duniani lilikuweka mwaka 2019 katika orodha yake ya magonjwa na hali zinazohusiana na afya, likikuchukulia kama jambo la kazini na si kama ugonjwa, ni uchovu usioisha kwa usingizi, ukiambatana na kuichukia kazi na kuhisi kwamba juhudi hazizai matunda. La nne, na ndilo linalohusu zaidi insha hii, ni jeraha la dhamiri, dhana iliyojadiliwa sana tangu miaka ya 1990 na daktari wa akili Jonathan Shay, aliyewatibu wanajeshi wa Marekani waliotoka vitani Vietnam: hapa mtu haumizwi na hofu ya kufa, bali na imani kwamba amefanya, au ameshindwa kuzuia, jambo ambalo halikupaswa kutokea.

Mfano ulio wazi kabisa wa hali zote nne kukutana mahali pamoja katika mkoa huo ni Kagunga, mwaka 2015. Baada ya ghasia za kisiasa kuanza Burundi mwezi Aprili mwaka huo, makumi ya maelfu ya wakimbizi walijikusanya katika kijiji hicho cha wavuvi kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Gombe, kwenye ukanda mwembamba wa ardhi uliobanwa kati ya milima mikali na Ziwa Tanganyika, pasipo barabara ya gari. Njia ya kuwatoa ilikuwa maji. MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 na kuunganishwa Kigoma, ilitumwa kuwachukua, lakini kwa kuwa haikuweza kutia nanga ufukoni, watu walipelekwa kwake kwa boti ndogo, nayo iliweza kubeba takriban abiria 600 kwa safari. Katikati ya msongamano huo kikalipuka kipindupindu, na kufikia wiki ya tatu ya Mei wagonjwa walikaribia 3,000 huku waliofariki wakizidi 30, wengi wao wakiwa wakimbizi. Huko Kigoma mjini, Uwanja wa Lake Tanganyika uligeuzwa kituo cha mapokezi kabla ya watu kupelekwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu.

Hesabu hiyo ya watu 600 kwa makumi ya maelfu inatosha kueleza kazi ya siku zile ilikuwa nini. Kila aliyesimama ufukoni kuwapanga watu alikuwa akichagua, na kila uchaguzi ulikuwa na upande wake wa pili, yaani yule aliyeambiwa asubiri. Kipindupindu, kwa upande wake, ni ugonjwa unaotibika kwa maji na chumvi vikiwahi, hivyo kifo chake humwachia muuguzi wazo chungu kuliko kifo cha ugonjwa usio na dawa, kwa sababu dawa ilikuwepo, ila haikufika. Mtaalamu wa afya ya akili ataliita hilo jeraha la dhamiri. Mwenye jeraha lenyewe, akiwa Mwislamu au Mkristo wa Kigoma, hataliita hivyo; atajiuliza kama ana dhambi.

Kuhusu waliokufa, dini ina jibu. Katika mafundisho ya Kiislamu, ambayo mji wa Ujiji, jirani na Kigoma, umeyabeba tangu enzi za misafara ya biashara, hadithi mashuhuri ya Mtume inawahesabu miongoni mwa mashahidi mtu aliyekufa kwa tauni, aliyekufa kwa ugonjwa wa tumbo, aliyezama majini na aliyeangukiwa na jengo. Orodha hiyo, ikisomwa leo, inakaribia kuwa orodha ya kazi za kikosi cha uokoaji: mlipuko wa maradhi, boti iliyopinduka, ghorofa lililoporomoka. Aliyezama katika Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake kinafika mita 1,470, huenda mwili wake usipatikane kamwe, na baadhi ya wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, wameruhusu kwa ajili yake sala ya ghaibu, yaani sala ya jeneza inayosaliwa pasipo jeneza. Wafiwa nao wana nafasi yao. Hukalishwa, hupikiwa, huletewa rambirambi, husomewa hitima au hufanyiwa ibada, na siku ikifika matanga huanuliwa, maana jamii inatangaza kwamba sasa wanaweza kurudi shambani na sokoni bila kuonekana wamemsahau marehemu wao.

Mwokoaji hamo katika mpango huo wote. Yeye ndiye aliyemshika marehemu mara ya mwisho akiwa hai, au wa kwanza akiwa maiti, pengine anajua uzito wake na rangi ya nguo zake kuliko ndugu waliokuja kutoka mbali, lakini jamvini hana mahali, kwa sababu matanga ni ya damu na ujirani, na yeye si wa damu wala si jirani. Akienda kwenye msiba atapewa pole kama mgeni. Asipokwenda hakuna atakayeuliza, kwani zamu inaendelea na simu italia tena. Yu mfiwa kwa moyo asiyekuwa mfiwa kwa desturi, na huzuni isiyotambuliwa na desturi haina siku ya kuanuliwa.

Badala ya matanga, mwokoaji hupewa neno moja: subira. Neno hilo ni zito na tukufu, na kosa haliko ndani yake, bali katika namna linavyotumiwa, kwa maana mara nyingi huambiwa mtu aliyeanza kusema ili aache kusema. Anayeota ndoto za maiti huambiwa aongeze sala. Anayeshindwa kula huambiwa imani yake imepungua. Anayekuwa mkali nyumbani hudhaniwa kapandwa na jini. Wazo lililojificha nyuma ya maneno hayo ni kwamba mwenye imani kamili hawezi kuelemewa, nalo ni wazo ambalo vitabu vya dini zenyewe havilikubali.

Nabii Yaakub, katika Sura ya Yusuf, ndiye anayetajwa kwa subira njema, ile isiyo na manung'uniko, na ni Yaakub huyohuyo ambaye macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni ya kumpoteza mwanawe. Sura haioni mgongano wowote. Subira yake ilikuwa katika kutomkatia Mungu tamaa na katika kujua nani wa kumshtakia, wakati mwili wake uliachwa uhuzunike mpaka ukapofuka. Miaka mingi baadaye, mwaka 1095, Imamu Ghazali, ambaye Waislamu walimwita Hoja ya Uislamu, aliacha ghafla kufundisha Baghdad kwa kuwa ulimi wake ulikataa kutamka na tumbo lake likakataa chakula. Ameeleza mwenyewe kwamba matabibu walikiri kuwa ugonjwa umeanzia moyoni na kuteremkia mwilini, na kwamba hakuna dawa mpaka dhiki ya moyo iondoke. Itakuwa vigumu kwa shehe yeyote wa leo kumhukumu Ghazali kwa upungufu wa imani. Upande wa Biblia upo mkasa wa Eliya, aliyelala chini ya mretemu akiomba afe baada ya kazi kubwa mno, na linaloshangaza katika habari hiyo, ambalo wahubiri huharakisha kulipita, ni kwamba malaika aliyetumwa kwake hakuanza na mahubiri. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akampa tena, na maneno yalikuja baadaye sana. Msimamizi wa zamu atakayelisoma fungu hilo kwa makini atakuwa amepata robo ya elimu ya kuzuia kuchakaa kikazi.

Hata hivyo, kuthibitisha kwamba huzuni si dhambi hakujajibu bado swali la yule aliyekuwa ufukoni Kagunga, kwani yeye haulizi kama anaruhusiwa kulia, bali anauliza kama ana hatia. Hapa ndipo fikra ya kisheria husaidia kuliko faraja. Aya ya mwisho ya Suratul Baqara inafundisha kwamba Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake, na aya hiyo husomwa kwa njia mbili zinazopingana. Usomaji wa mitaani humwambia aliyeelemewa kwamba, kwa kuwa mzigo umemfika, bila shaka anauweza, hivyo na aubebe. Usomaji wa wanasheria ni kinyume chake: aya inaweka mpaka wa wajibu, si kipimo cha nguvu, na maana yake ni kwamba uwezo unapokoma, dai nalo hukoma. Kwa usomaji wa kwanza aya huongeza mzigo. Kwa wa pili huutua. Ule wa pili ndio ulio sahihi, na inasikitisha kwamba ule wa kwanza ndio unaosikika zaidi kwenye misiba.

Ghazali anatoa tena msaada hapa, safari hii akiwa mwanasheria. Katika kitabu chake cha misingi ya sheria, al-Mustasfa, anajadili kundi la watu waliomo katika chombo kinachoelekea kuzama, ambao wangeweza kupona kwa kumtosa mmoja wao, na anahukumu kwamba haijuzu. Kwa watu wa ziwani mfano huo si wa vitabuni tu. Faida yake kwa mwokoaji ni kwamba unamsaidia kutenganisha vitendo viwili ambavyo dhamiri iliyojeruhiwa huvichanganya: kumtosa mtu majini, ambako ni tendo la mkono wake, na kutompakia mtu kwa sababu chombo kimejaa, ambako ni kikomo cha uwezo. Aliyeachwa pwani kwa kukosa nafasi hakutoswa. Kutofautisha huku hakuondoi uchungu, wala hakukusudiwi kuuondoa, lakini kunaung'oa kutoka kwenye kesi na kuurudisha kwenye msiba, na msiba una njia zake.

Kuna neno dogo linalostahili kutazamwa sambamba na hilo, nalo ni lau. Hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim inamhimiza mtu ashike linalomfaa, amtake Mungu msaada, asilegee, na likimpata jambo asiseme lau ningefanya vile, kwa kuwa neno hilo hufungulia kazi ya shetani. Yeyote aliyekaa na dereva wa gari la wagonjwa baada ya zamu mbaya anaijua kazi hiyo: lau ningepita njia ile, lau ningetoka dakika tano mapema. Lakini itakuwa hatari kikosi kikilitumia katazo hili kukataa kujichunguza, kwa maana mwokoaji asiyeuliza kwa nini mtungi wa oksijeni ulikuwa mtupu ataukuta mtupu tena. Wanazuoni waliliona hilo, na Imamu Bukhari katika mkusanyo wake wa hadithi ameweka mlango mahsusi kuhusu lau inayoruhusiwa. Basi lau ni mbili: ile inayoulizwa mezani pamoja na wenzake, ikiwa na mwisho na ikizaa marekebisho, na ile inayoulizwa kitandani saa nane za usiku, ambayo haina mwisho wala mjibu.

Mpaka hapa mwokoaji ametazamwa akiwa peke yake, na huo ni upungufu ambao elimu ya sasa ya msongo huwa nao pia, inapomfundisha kupumua polepole na kufanya mazoezi huku ikiacha zamu zake kama zilivyo. Fikihi ya Kiislamu inayo dhana inayolibadili swali zima, nayo ni faradhi ya kutosheleza, yaani wajibu ulio juu ya jamii nzima ambao wakiutekeleza baadhi huwaondokea wote, na wasipoutekeleza wote hupata dhambi. Kuosha na kuzika maiti ni mfano unaojulikana sana. Kumwokoa anayezama ni mwingine, na wanasheria wameupa uzito kiasi kwamba anayesali hukata sala yake kwenda kuokoa. Kinachofuata kutoka kwenye dhana hiyo hakisemwi mara nyingi. Ikiwa mvuvi aliyejitosa amewatua mzigo watu wote wa Kibirizi ufukoni na wa Mwandiga waliokuwa wamelala, basi alichokibeba kilikuwa chao, na uchovu wake, ndoto zake na ukali wake nyumbani ni sehemu ya gharama ya wajibu wao. Kwa mantiki hiyo kumuuguza si hisani bali ni deni.

Itajibiwa kwamba askari na muuguzi hulipwa mshahara, hivyo deni limekwisha kulipwa. Jibu hilo lina ukweli wake, ila haliwahusu wavuvi na bodaboda, na hata kwa waajiriwa mshahara hununua saa na ustadi. Haununui kile kinachobaki baada ya saa kwisha. Wengine watasema kwamba taifa huwaenzi waokoaji. Huwaenzi kweli: ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ikiwa na watu 43 ambao 24 kati yao walipona, wavuvi ndio waliotangulia kufika, na kijana mmoja wao akasifiwa nchi nzima na kuahidiwa ajira katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Sifa, hata hivyo, huelekezwa kwa waliopona. Wale 19 ambao hawakupona hawamo katika sifa, na ndio wanaorudi usiku.

Deni hilo laweza pia kulipwa kwa kugawana mzigo. Musa alipokuwa akiwaamua watu tangu asubuhi hata jioni, mkwewe Yethro hakumwambia aombe nguvu zaidi, bali alimwonya kwamba atadhoofika yeye pamoja na watu wake, akampangia wasaidizi. Habari hiyo ya kitabu cha Kutoka ni ya utawala kuliko ya ibada, na inaonyesha kwamba kupunguza msongo kwaweza kuwa kazi ya mkwe, ya mkuu wa kituo, au ya halmashauri inayopanga idadi ya madereva.

Linabaki suala la kuongea. Kuanzia miaka ya 1980 ilienea katika vikosi vya zimamoto vya nchi za Magharibi desturi ya kuwakusanya waokoaji mara baada ya tukio na kumtaka kila mmoja aeleze alichokiona na alichohisi, kwa imani kwamba kusema kutazuia kiwewe. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2002 yalionyesha kwamba kikao kimoja cha namna hiyo kikifanywa na mtu mmoja mmoja hakizuii, na kwa baadhi ya watu huenda kikadhuru, na Shirika la Afya Duniani baadaye likashauri kisitumike kwa ajili ya kinga, likihimiza badala yake huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambayo ni kuwa karibu na mtu, kumpatia mahitaji yake, kumsikiliza akitaka kusema na kumuunganisha na watu wake. Mtu aliyekulia kwenye misiba ya Kigoma hatashangaa. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kutamka neno, na walianza kukosea walipofungua vinywa kumweleza sababu. Kukaa matanga ndivyo kulivyo: watu huja, hukaa, hupika, huteka maji, na halazimishwi mtu kusimulia.

Abu Zayd al-Balkhi, tabibu na mwanazuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kwamba maudhi ya nafsi humpata mtu mara nyingi kuliko ya mwili, na akashauri kwamba kama mtu anavyoweka dawa nyumbani kwa ajili ya ugonjwa wa ghafla, aweke pia fikra njema akiwa mzima, azitumie wakati wa dhiki. Ushauri huo unaweza kupanuliwa kutoka nyumba hadi mji. Fikra hizo, yaani mpaka wa uwezo, tofauti kati ya kutosa na kukosa nafasi, na lau ya mezani, zifundishwe kabla ya mkasa, na imamu, padri na mchungaji wa Mwandiga wanao watu mbele yao kila Ijumaa na kila Jumapili. Matanga nayo yanaweza kupanuliwa bila kuvunja desturi yoyote: siku ya hitima au ya ibada ya waliozama, wale waliowatoa majini waitwe kwa majina yao, waketi upande wa wafiwa, wale chakula cha wafiwa, wasiulizwe kitu, na siku ya kuanua matanga wawepo, ili wasikie pamoja na ndugu wa marehemu kwamba sasa wanaruhusiwa kurudi ziwani.